Maganda ya Joyce

Karen alinipigia simu mwezi uliopita, Jumapili mchana, nikiwa namenya vitunguu. Alisema anauza nyumba yake na kuhamia fleti ndogo, na katika kusafisha gereji amekuta sanduku la vifaa vya marehemu baba yake ambalo anaona ni haki yangu. "Wewe ndiye pekee uliyejua jinsi vinavyotumika," alisema. Binti yangu, aliyekuwa mezani na simu yake, akaniuliza, "Who was that, Dad?" Nikamwambia ni mtoto wa mzee mmoja niliyemhudumia zamani, nilipokuwa mwanafunzi. "Was he nice?" Nikasema alikuwa mtu mwema sana. Kisha nikarudi kwenye vitunguu vyangu, na nilishukuru kwamba vilikuwa vitunguu.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Karen sasa ni bibi wa miaka sabini na kitu, amekonda, na nyumba yake ilikuwa imejaa maboksi kiasi kwamba tulikunywa chai tukiwa tumekalia mawili kati yao. Tuliongea habari za watoto na za magoti. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kunieleza kuhusu baba yake. "Watu hujuta wanapompeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee," alisema. "Mimi sijawahi. Kama si siku ile kule uwanjani ningejilaumu mpaka kufa kwamba nilimhamisha mapema. Lakini siku ile mambo yalijionyesha yenyewe. Alichanganya maganda, maskini. Mtu kama yeye, achanganye maganda! Ndipo tukajua akili imeanza kuondoka." Akanishika mkono. "Na wewe ulikuwa mvumilivu naye. Sijakusahau." Nilikuwa nakoroga chai ambayo haikuwa na sukari, nikaendelea kuikoroga. Nikamshukuru, nikabeba sanduku, nikaliweka kwenye buti ya gari, nikaendesha mpaka nyumbani bila kuwasha redio.

Habari za kwetu Morogoro, za baba na mama na shule, nitaziruka. Hazihusiki na jambo hili na wala haziwezi kunitetea. Nianzie Kensington, mtaa wa jiji la ng'ambo nilikokwenda kusoma, kwenye nyumba tuliyopanga wanafunzi watano, yenye zulia la kahawia lililonuka unyevu na jiko lenye plate nne ambazo mbili hazikuwaka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Chumba cha pili kilikuwa cha Wanjiru, Mkenya aliyekuwa akisomea unesi, na yeye ndiye aliyekuwa kama dada mkubwa wa nyumba nzima: anayejua mabasi, anayejua fomu, anayejua nani anatafuta mtu wa kazi. Jioni moja alikuja jikoni nilipokuwa nasonga ugali akaniambia, "Kuna mzee nimekuwa nikimcheki weekend, ako poa sana. Vidole zake zimekufa, ni arthritis. Unampikia, unafua, unapiga story na yeye. Mimi nimepata placement hospitalini, siwezi tena. Wewe unajua kuongea na wazee, si ndio?" Nikasema najua. Kwetu nani asiyejua kuongea na mzee? Unainamisha kichwa, unasema ndiyo.

Mzee huyo aliitwa Len. Alikaa nyuma ya bandari ya Port Botany, kwenye nyumba ya matofali ambayo ukifungua dirisha la jikoni unasikia makontena yakitua chini kwa kishindo. Alikuwa na miaka themanini na moja, mrefu, na masikio makubwa yaliyobabuka kwa jua. Siku ya kwanza alinipa chakula cha mchana kabla sijampikia chochote: nyama baridi ya kondoo, mkate mweupe, na vipande vya bitiruti vya kopo vilivyoupaka mkate rangi ya zambarau. Nilikula kwa adabu. Jumamosi iliyofuata nikampikia maharage ya nazi, na baada ya sahani ya pili akasema kwamba bitiruti imepata mpinzani. Sikuweza kumwita Len mtu wa umri wa babu yangu, ulimi ulikataa, kwa hiyo nikamwita Mzee. Alipouliza maana yake nikamwambia ni neno la heshima. Tangu siku hiyo akipokea simu yangu alikuwa akisema, "Mzee anaongea." Tulizungumza Kiingereza, bila shaka, lakini miaka imepita na maneno yake sasa yananijia kwa Kiswahili, na ndivyo nitakavyoyaandika.

Kilichomweka hai Len kilikuwa gerejini. Alikuwa mlenga shabaha, wa karatasi tu. Maisha yake yote hakuwahi kupiga hata sungura. Kila Jumapili alikwenda kwenye uwanja wao ulio juu ya miamba, akalala kifudifudi pamoja na wazee wenzake, akapiga shabaha iliyo mbali kiasi cha kuonekana kama punje. Risasi alijitengenezea mwenyewe, kama wanavyofanya walengaji makini. Bunduki zake mbili zilikaa kwenye kabati la chuma na sikuruhusiwa kuzigusa, wala sikutamani. Baruti na fataki za kuiwashia alizishughulikia yeye peke yake, nikiwa nje. Lakini maganda matupu ya shaba, yaliyokwisha kupigwa na kungoja kutumika tena, hayo yalitaka vidole vya kukaza na kulegeza vitu vidogo, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama mizizi ya tangawizi. Ndipo nilipoingia mimi.

Alinifundisha Jumamosi moja ya mvua. Mezani alikuwa amefunga mashine ndogo ya chuma yenye mkono mrefu wa kuvuta, na juu yake unafunga kwa kuzungusha kifaa cha duara chenye hesi, ambacho kazi yake ni kubana mdomo wa ganda uliotanuka ili uishike risasi mpya. Wao wana jina lake refu. Mimi nilikiita kibana shingo, na jina likamkaa Len pia baada ya kutafsiriwa. Alinieleza taratibu. Ganda likishapigwa, shaba hutanuka na kuchukua umbo la chemba, kitundu kinachoipokea risasi, ya bunduki ile iliyolipiga. Ukibana shingo tu na kuuacha mwili ulivyo, ganda hilo linarudi kwenye chemba yake kama mguu kwenye kiatu ulichokivaa miaka mitano. Lakini kiatu ni cha mtu mmoja. Ukilitia kwenye bunduki nyingine, hata kama ni ya aina ile ile, huenda likakataa katakata. "Unakishusha mpaka kiguse," alisema, mkono wake mzito ukiwa juu ya wangu, "halafu unakirudisha juu kidogo." Nikauliza kwa nini nikirudishe. "Kwa sababu kazi yako ni shingo. Mabega hayakuhusu." Akawasha mshumaa, akaniambia nipitishe shingo ya ganda juu ya moto mpaka ishike masizi. Nikavuta mkono wa mashine, nikatoa ganda, tukalitazama pamoja kwenye mwanga: pale masizi yalipofutika ndipo chuma kilipobana. Tukashusha kidogo, tukatia masizi, tukavuta, tukatazama. Saa nzima iliishia hapo. Mwisho ukabaki mkanda mwembamba mweusi juu kidogo ya mabega, pale ganda linapoanza kupanuka, na Len akasema kaza pete ya kukifunga kifaa pale pale. Nikaikaza. "Karen ni mtoto mzuri," akasema huku akizima mshumaa kwa kidole asichohisi tena, "ila yeye hubana mpaka mabega."

Karen alikuwa akija Jumatano na vijitabu vya nyumba za wazee. Niliviona vimepangwa kwenye meza ya sebuleni, vyote vikiwa na picha za watu wenye meno mazuri. Mara moja, nikiwa naosha vyombo, niliwasikia. Karen alisema, "Baba, juzi uliacha jiko linawaka." Len akasema, "Niliacha jiko linawaka mwaka ule ulipozaliwa pia, hakuna aliyenifunga." Kisha sauti yake ikashuka. "Siku nitakaposhindwa kutengeneza risasi zangu, siku hiyo nitakwenda bila kelele. Sawa? Kabla ya hapo, niache." Karen akasema sawa. Nilisikia kila neno. Nataka ieleweke kwamba nilisikia, na kwamba nilijua tangu siku ile nyumba yake ilikuwa imesimama juu ya nini.

Bunduki ya pili ilikuwa ya Joyce, mkewe, aliyefariki miaka sita kabla sijafika. Joyce alikuwa hodari kuliko yeye, Len alikiri hilo kwa fahari. Zilikuwa bunduki za aina moja, lakini chemba ya Joyce ilikuwa pana kwa unywele, na ili maganda yao yasichanganyike Joyce alikuwa akiyatia ya kwake doa la rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako. Yalikaa kwenye kopo la biskuti. Ya Len yalikaa kwenye kisanduku cha mbao. Mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa ya Joyce, Len alipiga kwa bunduki ya mkewe, na ilikuwa juu yangu kuyasafisha maganda ya pande zote mbili kwenye ngoma ya umeme yenye kokwa ngumu zilizosagwa, inayotikisika na kuyang'arisha. Saa mbili kwa kila kundi. "Kila moja peke yake," alisema. Nikasema ndiyo, Mzee.

Sasa nifike pale. Jumamosi moja mwezi wa tisa, siku chache baada ya Len kupiga kwa bunduki ya Joyce, mama wa kijana mwenzetu alikuwa amefariki Dodoma, na Watanzania wote walikuwa wakikusanyika Mount Druitt kumpa pole. Msiba hauulizwi, unakwenda. Ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba kulikuwa na pilau, na kulikuwa na msichana wa Arusha niliyesikia atakuwapo, na safari ya treni kwenda huko ni ndefu. Len alikuwa amelala usingizi wa mchana. Nilitazama saa, nikatazama ngoma, nikatazama kopo na kisanduku. Saa nne za kungoja zingeweza kuwa mbili. Nikajiambia, si yana doa jekundu? Nikamimina yote pamoja, nikawasha. Haraka haraka haina baraka, tunaimbiwa hilo tangu tukiwa hatujaota meno, na bado. Nilipofungua ngoma, maganda yalikuwa yanang'aa kama pete za arusi, na hakuna hata moja lenye rangi. Ngoma ilikuwa imeyasugua madoa yote. Chini nilikuta vipande vyekundu vidogo, vichache, nikavifuta kwa kitambaa. Nikahesabu hamsini nikatia kwenye kopo, hamsini nikatia kwenye kisanduku. Nikayabana shingo yale ya kwenye kisanduku, kwa usahihi kabisa, mkanda mweusi pale pale unapotakiwa. Len alipoamka akauliza, "Umeyatenga?" Nikasema ndiyo, Mzee. Yeye mwenyewe alijaribu matatu kwenye bunduki yake kabla ya kuyajaza baruti, yote matatu yakaingia, akasema safi. Nilikuwa kwenye treni kabla ya saa tisa. Pilau ilikuwa nzuri. Msichana wa Arusha leo ni mama wa binti yangu, na sijui hata nifanye nini na ukweli huo.

Jumapili ya wiki iliyofuata ilikuwa shindano la wazee wa klabu yao, na Len aliomba twende wote, mimi na Karen. Palikuwa na upepo na jua kali, watu wamelala kwenye mikeka kwa mstari, nyuma yao meza yenye chai na keki. Risasi mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu komeo la bunduki likakataa kufunga. Len akaitoa, akaweka nyingine, ikafunga kwa taabu. Ya tano ikakwama: komeo halikwenda mbele wala kurudi nyuma, na risasi iko ndani. Msimamizi akapiga filimbi, mstari mzima ukasimama, walengaji wote wakaacha bunduki zao na kurudi nyuma, na Len akabaki pale chini, themanini na moja, mwanamume mmoja wa klabu akimsaidia kulilegeza komeo kwa kulipiga na kiganja. Karen alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Ganda lilipotoka, Len alikaa kwenye mkeka, akayapapasa maganda moja moja kwa kidole gumba, akasema polepole, "Haya ni ya Joyce." Watu walikuwa wametuzunguka. Akaninyanyulia macho. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anauliza tu. "Kijana, ulinipa kutoka wapi? Kopo au kisanduku?"

Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha: Mzee, niliyaosha pamoja. Angenifokea, wenzake wangecheka, tungekula keki. Lakini watu walikuwa wengi na wote walikuwa wananitazama mimi, mweusi peke yangu kwenye uwanja ule, karibu na bunduki iliyokwama. Nikasema, "Kutoka pale uliponionyesha, Mzee." Hayo ndiyo maneno yangu, sijayapunguza. Akanitazama. Kisha nikaona macho yake yakigeuka kutoka kwangu na kuingia ndani yake mwenyewe, yakitafuta, na yasikute. "Basi nilikuonyesha vibaya," akasema. Karen aliweka kikombe chini.

Wanjiru nilimwambia usiku wa Jumatatu, jikoni. Aliacha kukata sukuma. "Si umwambie tu? Ni story ya dakika mbili! Pigia huyo mzee simu sasa hivi." Nikamwambia kwamba kwetu huwezi kumrudia mzee na kumwambia nilikudanganya mbele za watu, utakuwa umemvunjia heshima mara mbili. Wanjiru akanitazama kama vile nesi anavyomtazama mgonjwa anayesema hajanywa pombe. "Wewe, usinidanganye na heshima," akasema. "Hiyo ni uoga." Aliniuliza tena Alhamisi, na tena Jumapili. Baadaye akaacha kuniuliza, akawa mpole kwangu kwa namna iliyoniuma zaidi. Nilijipangia siku. Nitamwambia Jumamosi. Jumamosi nilipofika nikakuta daktari alishakuja. Iliyofuata nikakuta kabati la chuma liko wazi na tupu. Len alikuwa amesalimisha leseni yake mwenyewe, bila kuombwa. Alikuwa ameahidi kwenda bila kelele, naye alikuwa mtu wa ahadi. Mwezi wa kumi na moja nyumba ilikuwa na kibao cha kuuzwa.

Nimejaribu miaka yote hii kujitafutia upenyo. Alikuwa mzee, ningesema, ingetokea tu. Jiko kweli aliliacha linawaka. Labda. Lakini nilimfahamu mzee yule Jumamosi kwa Jumamosi kwa karibu mwaka mzima, na kumbukumbu yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Aliweza kukutajia upepo wa mashindano ya miaka thelathini nyuma. Aliyemtia shaka ya akili yake ni mimi, na mtu akishatiwa shaka hiyo kila ufunguo anaousahau unakuwa ushahidi. Juzi kwa Karen nilikuwa na nafasi nyingine. Ningemwambia nini? Kwamba utulivu wake wa miaka yote umekalia uongo wangu? Huenda kunyamaza kulikuwa huruma. Lakini naijua sura ya woga wangu, nimeishi nao, na najua hupenda kuvaa nguo za huruma na za heshima. Hata haya ninayaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo Karen hawezi kuisoma, na binti yangu anaisikia tu. Sijidanganyi kuhusu sababu.

Nilimtembelea Len mara moja tu huko alikopelekwa. Mara moja, na ilikuwa safari ya mabasi mawili. Kilikuwa chumba safi, chenye kitanda kinachopanda na kushuka na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Walikuwa wamemvalisha sweta la rangi ya maziwa ambalo halikuwa lake. Nilimletea maharage ya nazi kwenye kopo la plastiki, lakini mhudumu akasema chakula cha nje hakiruhusiwi bila kuandikwa, akalichukua. Tukakaa. Len aliuliza kuhusu mitihani yangu, kwa jina la kila somo. Nilikuwa nimekuja kumwambia. Kwenye basi nilikuwa nimerudia sentensi ile mpaka mwanamke wa jirani akahama kiti. Nikavuta pumzi, nikasema, "Mzee, kuhusu siku ile uwanjani." Akanyanyua mkono wake uliojikunja, akanizuia.

"Acha niseme mimi kwanza," alisema. "Nimekuwa nikilingoja hili, nikadhani hutakuja. Kila asubuhi nakaa hapa najaribu kukumbuka nilipokuonyesha kopo la Joyce. Naliona meza, naiona mashine, nakuona wewe na mshumaa. Hilo la kukuonyesha silioni. Limefutika kabisa. Ndiyo maana najua Karen yuko sahihi." Kisha akaongeza, "Lakini kuna jingine. Pale uwanjani, mbele ya watu wote, nilikuuliza wewe. Nilikutilia shaka wewe, uliyenifanyia kazi yote ile kwa mikono yako. Na baadaye walikuwapo waliosema ni yule kijana, nikawakatalia, lakini mimi ndiye niliyewapa wazo hilo. Halijaniacha hata siku moja." Macho yake yalikuwa yamelowa. Akaniwekea ule mkono juu ya wangu, mzito vile vile kama kule gerejini. "Utanisamehe?"

Nje gari lilikuwa linarudi nyuma, likilia. Nilimtazama, nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa, na nikamwambia ndiyo, Mzee, nimekusamehe.